Semina ya upendeleo wa kijinsia imepita, maamuzi yamebaki yaleyale. Turekebishe wapi?

Afisa_Utumishi

Habari za kazi, wadau.

Taasisi ina watumishi kama 150 na kitengo cha utumishi kina watu wawili. Imefanyika semina ya nusu siku kuhusu upendeleo wa kijinsia usio wa makusudi, yaani ule ambao mwenye nao hajui kwamba anao. Fomu za maoni zilijaa sifa. Ajira mbili zilizofuata, orodha za walioitwa kwenye usaili zimetoka na sura ileile ya zamani, na tathmini za utendaji zinasomeka kama za mwaka juzi.

Uongozi umekubali tuguse taratibu zenyewe, ila ndani ya miezi mitatu na bila bajeti ya maana. Naomba majibu ya kiutendaji:

1. Tuanzie wapi: tangazo la kazi, kuchuja maombi, usaili au tathmini ya mwaka?
2. Kuficha majina kwenye CV kunalipa, au ni usumbufu mtupu?
3. Kwa idadi ndogo kama yetu, tutajuaje kwamba kilichobadilika ni utaratibu na si bahati?

---

Mizani

Kaka, matokeo ya semina yenu ni ya kawaida. Mwaka 2019 jarida la kisayansi la PNAS lilichapisha jaribio la wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa kampuni moja ya kimataifa waliopitia mafunzo ya saa moja mtandaoni. Mitazamo ilisogea kidogo, matendo karibu hayakutikisika. Na kama mwezeshaji aliwapitisha kwenye lile jaribio la kompyuta la kubonyeza maneno harakaharaka ili kupima upendeleo uliofichika (IAT, la tangu 1998), msimhukumu mtu kwa matokeo yake. Mtu huyohuyo akilirudia siku nyingine anaweza kupata jibu tofauti.

Anzieni pale uamuzi unapofanyika: kuchuja na usaili. Upendeleo wa aina hii haumhitaji mtu mwenye nia mbaya, unahitaji kigezo kinachovutika tu. Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walilionyesha hilo mwaka 2005 kwa maombi ya kubuni ya ukuu wa polisi. Elimu ilionekana muhimu zaidi pale mwenye elimu alipokuwa mwanamume. Wapimaji walioamua umuhimu wa vigezo kabla ya kumwona mwombaji hawakuwa na mchezo huo.

Kwa hiyo, kabla ombi lolote halijafunguliwa, andikeni vigezo na uzito wake, wekeni tarehe, jopo zima lisaini. Visizidi vitano. Vikiwa tisa, kila mwanajopo atajichagulia viwili anavyovipenda na vingine kuvisahau. Mfano wa mhasibu mwandamizi:

- kufunga hesabu za mwezi kwa wakati: 30
- kugundua makosa na kuyarekebisha: 25
- kuandika ripoti inayoeleweka na asiye mhasibu: 20
- kusimamia watu wawili au watatu: 15
- kuimudu programu ya uhasibu inayotumika: 10

Kigezo cha "ataendana na timu" kitoeni. Kama nyuma yake kuna kitu halisi, mathalani kumwambia mwenzako kwamba hesabu zake zina kosa bila kuzua ugomvi, kitungieni swali na mkipe alama kama vingine. Kikiachwa jinsi kilivyo kinageuka kuwa "anafanana na sisi".

Usaili: maswali matano au sita, yaleyale, kwa mpangilio uleule, dakika 45 kwa kila mwombaji. Kila swali liwe na maelezo ya alama yaliyoandikwa mapema. Hapa ndipo penye uvivu mkubwa. Watu huandika "1 dhaifu, 3 wastani, 5 bora sana" wakaona wamemaliza, kumbe hawajasema kitu. Linganisha na hii:

*Swali: Kesho tunafunga mwezi. Salio la taarifa ya benki na salio la daftari la fedha havilingani. Utafanya nini, hatua kwa hatua?*

*Alama 1: anasema atamwuliza mkuu wake, au ataiweka tofauti kwenye akaunti ya muda ili mwezi ufungwe.*

*Alama 3: anapitia taarifa ya benki na daftari mstari kwa mstari, anataja hundi ambazo bado hazijapita benki na makato ya benki ambayo hayajaingizwa kwenye daftari.*

*Alama 5: yote ya alama 3, tena anatenganisha tofauti zitakazojimaliza zenyewe (hundi iliyo njiani) na zinazodai kuingizwa kwenye daftari (makato, kosa la tarakimu), na hesabu yake ya kulinganisha salio hizo mbili inasainiwa na mtu wa pili.*

Ukiwa na maelezo hayo mkononi, "alijibu kwa kujiamini" haina pa kukaa. Kujiamini hakumo kwenye orodha.

Alama zijazwe papo hapo, kila mtu peke yake, kimya, kabla mwombaji anayefuata hajaingia. Baadaye msilinganishe mtu mzima na mtu mzima. Chukueni majibu ya wote kwa swali la kwanza, kisha la pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Jibu la kwanza la mtu likikuvutia huyapaka rangi yote yanayolifuata, na kulinganisha kwa swali kunaikata rangi hiyo. Kuna jaribio la Iris Bohnet na wenzake la 2016 linalokwenda upande huohuo: waliowatathmini watu wawiliwawili kwa pamoja walifuata kazi yao, waliomtazama mmojammoja waliegemea jinsia.

Mjadala uguse tu maswali ambayo wanajopo wamepishana kwa alama mbili au zaidi. Aanze mwenye cheo cha chini, mwenyekiti awe wa mwisho. Mwenyekiti akitangulia, wengine watarekebisha kalamu zao.

Kwa wanaosema huu ni urasimu: katika mapitio ya Paul Sackett na wenzake ya 2022, usaili wenye mpangilio ulihusiana na utendaji wa baadaye kwa 0.42, na ule wa maongezi huru kwa 0.19 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Kwa hiyo hata asiyejali jinsia anapata mfanyakazi bora.

---

Kisu_Kikali

Mizani amemwita muuliza swali "kaka", na muuliza swali hajataja jinsia yake popote. Somo limeanza mapema leo.

Niingie kwenye swali la 2, maana kuficha majina kunasifiwa kuliko kunavyostahili.

Mfano unaopendwa ni wa okestra za Marekani, ambako wapigaji walianza kusikilizwa nyuma ya pazia, na kwingine zulia likatandikwa ili mlio wa viatu usimtaje mtu. Utafiti wa Claudia Goldin na Cecilia Rouse wa mwaka 2000 ndio ulioupa umaarufu, ila takwimu zake hazina uhakika mkubwa kama wasimuliaji wanavyodokeza. La msingi zaidi ni kwamba nyuma ya pazia jopo linasikia *kazi yenyewe*. CV siyo kazi, ni maelezo ya mtu kuhusu kazi. Ukificha jina ukaacha maelezo, umefunika dirisha na mlango uko wazi.

Halafu kunaweza kukugeuka. Serikali ya Australia ilijaribu mwaka 2017 kwa watumishi zaidi ya 2,100 wa mashirika 14 ya umma. Kumbe wapimaji wale walikuwa tayari wanawapendelea wanawake: jina la kike liliongeza nafasi ya kuchaguliwa kwa asilimia 2.9, la kiume likapunguza kwa asilimia 3.2. Majina yalipofichwa, wanawake wakapoteza faida hiyo. Kwa hiyo pimeni kwanza mizani yenu imelalia upande gani, ndipo muamue kama pazia linahitajika.

Mkiamua kuficha, msiombe CV kisha mkae na wino mweusi. Wekeni fomu yenye vipengele vilevile kwa wote: umefanya jukumu gani, kwa miaka mingapi, ukubwa wake (watu wangapi, kiasi gani cha fedha), matokeo. Karani asiye kwenye jopo ampe kila mmoja namba. Vinavyosahaulika mara nyingi:

Tarehe za ajira. Pengo la mwaka mmoja katikati ya CV ya mtu wa miaka 30 husomwa haraka sana kama likizo ya uzazi. Ombeni jumla ya miaka kwa kila jukumu, si "kuanzia mpaka".

Shule na vyama. Shule ya wasichana au chama cha wanawake wahandisi kinataja jinsia waziwazi kama jina.

Barua za wadhamini. Hapa Kiswahili kinatubeba: "alisimamia", "aliandaa", "alikamilisha" havisemi ni nani. Barua za Kiingereza au Kifaransa zinamtaja kila sentensi. Lakini hata kwetu utakuta "ni binti mwenye heshima na bidii" au "ni mama anayejituma", na wa kiume anaandikiwa "ni mchapakazi anayeaminika". Barua za namna hiyo zisomwe mwisho, baada ya alama kujumlishwa, tena kwa ajili ya kuthibitisha ukweli tu.

Na atakayekuuzia programu ya kuchuja CV kwa madai kwamba kompyuta haina jinsia, mkumbushe habari ya Reuters ya Oktoba 2018 kuhusu Amazon. Walifundisha mfumo kwa CV za miaka kumi ambazo nyingi zilikuwa za wanaume, ukajifunza kuzipunguzia alama CV zenye neno la "wanawake" ndani yake. Mradi ukavunjwa.

Kama una nguvu ya jambo moja tu, acha kuficha majina, weka zoezi la kazi. Mpe mwombaji faili la saa moja linalofanana na kazi halisi, lisahihishwe kwa namba bila jina. Lisizidi saa moja, au mbili kwa nafasi ya juu. Zoezi la nyumbani la siku tatu linamchuja mwenye mtoto mdogo au mzazi mgonjwa, na mnarudi kulekule.

---

Kalamu_Nyekundu

Nashika tangazo na tathmini, kwa sababu vyote viwili ni suala la maneno.

Tangazo. Danielle Gaucher na wenzake (2011) waligundua kwamba tangazo lenye maneno ya kishindani linapunguza mvuto kwa wanawake. Si kwamba walijiona hawaiwezi kazi, waliona pale si mahali pao. Kwa Kiswahili tatizo liko hivi:

*"Tunatafuta kijana mpambanaji, asiye na majukumu mengi, aliye tayari kufanya kazi muda wowote."*

"Kijana" kwenye kamusi ni wa jinsia yoyote, masikioni ni wa kiume. "Asiye na majukumu mengi" ni njia ya mkato ya kuwaondoa akina mama bila kuwataja. "Muda wowote" kwa kawaida ni uongo, maana hakuna anayeitwa saa tisa usiku kila siku. Andika kazi ilivyo:

*"Kazi ina safari mbili kwa mwezi, siku tatu hadi nne kila moja, zinazojulikana wiki mbili kabla. Kuna zamu ya simu ya dharura wiki moja kati ya nne."*

Anayeweza ataomba, asiyeweza atajitoa mwenyewe, bila nyie kumbashiria. Gaweni pia sifa za lazima na zinazopendelewa, na za lazima zisizidi tano. Wekeni kiwango cha mshahara. Kama kinajadilika, semeni wazi: Andreas Leibbrandt na John List (2015) walikuta kwamba tangazo lisiposema kitu, wanaume ndio wanaojadili zaidi, na likisema "mshahara unajadilika" tofauti inatoweka. Neno moja, gharama sifuri.

Tathmini ya utendaji. Adui ni kile kisanduku kikubwa cheupe cha "Maoni ya jumla ya msimamizi". Mwaka 2014 Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 kutoka kampuni za teknolojia. Miongoni mwa zilizokuwa na ukosoaji, ukosoaji wa *tabia* ulikuwa kwenye 71 kati ya 94 za wanawake na 2 kati ya 83 za wanaume. Haukuwa uteuzi wa kitakwimu, alikusanya za waliokubali kumpa, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba kila kitengo kingepaswa kuzihesabu za kwake. Kazi ya siku moja: chukua fomu za mwaka jana, weka alama nyekundu kwenye kila neno la tabia ("mkali", "ana mdomo", "mpole mno", "hashauriki") na ya bluu kwenye kila tukio au matokeo yanayotajwa. Hesabu kwa jinsia. Usitoe hotuba, weka jedwali mbele ya mameneja.

Kisha vunjeni kisanduku. Badala yake maswali matatu: alifanya nini, kilileta nini, robo ijayo abadilishe nini. Tazama sentensi ile ile kabla na baada:

*Kabla: "Ni mkali kwa wenzake, ajitahidi kuwa mchangamfu."*

*Baada: "Mara mbili mwezi Machi alirudisha rasimu ya mpango bila kuandika kasoro ni ipi, na timu ikarudia kazi ya siku mbili. Robo ijayo, kila rasimu inayorudishwa iambatane na maelezo ya maandishi."*

Ya pili inamsaidia mtu yeyote. Ya kwanza inamwambia abadilishe sura. Na kuna kisa cha tatu kinachopita kimyakimya: "Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo." Inapendeza kuisoma, lakini haina ushahidi wa kumpandisha mtu cheo, na siku ya kupandisha vyeo wenye sentensi za namna hii hubaki nyuma ya wenye "alipunguza muda wa kulipa madai kutoka siku 21 hadi 9".

Kuhusu alama: angalieni upana wa kipimo. Lauren Rivera na András Tilcsik (2019) walifuatilia chuo kikuu kilichohama kutoka kipimo cha alama 10 kwenda cha alama 6 katika kuwapima wahadhiri. Kwenye masomo yaliyotawaliwa na wanaume, pengo kati ya wanaume na wanawake lililokuwepo kwenye 10 lilifutika kwenye 6. Namba 10 inabeba picha ya "asiye na kasoro", na picha hiyo hupewa wanaume kwa urahisi zaidi.

La mwisho: meneja asione alama ambayo mtu amejipa mwenyewe kabla hajaandika ya kwake. Christine Exley na Judd Kessler (2022) walionyesha kwamba wanawake hujieleza chini kuliko wanaume waliofanya kazi sawasawa na yao, hata wanapojua alama zao halisi. Meneja akiiona kwanza, ataizungukazunguka hiyohiyo.

---

Afisa_Utumishi

Asanteni sana. (Ni dada, kwa taarifa ya Mizani.) Zoezi la wino mwekundu na bluu linaanza wiki hii.

Mambo mawili yamebaki. Kazi ndogondogo, yaani muhtasari wa vikao, kuchangisha, kupokea wageni, kulea wapya, zinaangukia walewale na hazihesabiki popote. Pili, wapo wanaouliza kama hatuanzishi upendeleo wa upande wa pili. Na swali langu la takwimu bado halijajibiwa.

---

Mizani

Samahani dada, nimepokea.

---

Fundi_Zamu

Kazi ndogondogo zina dawa rahisi kuliko zote hapa: acheni kuuliza "nani atajitolea?"

Linda Babcock na wenzake watatu (2017) walipima hilo kwenye vikundi mchanganyiko. Wanawake walijitolea kwa asilimia 48 zaidi ya wanaume kwa kazi ambayo kila mtu anatamani ifanywe na mwingine. Kikundi kilipokuwa cha jinsia moja tu, wanaume walijitolea sawa na wanawake. Maana yake si kwamba wanawake wanaipenda kazi hiyo. Wote chumbani wanajua nani anatarajiwa kuinua mkono, pamoja na anayeuinua.

Orodhesheni kazi zote za aina hiyo kwa wiki mbili, pamoja na dakika zake. Muhtasari wa kikao cha saa moja hula saa moja nyingine ya kuuandika. Kisha zamu kwa herufi za majina, mwezi mmoja mmoja. Ruksa kubadilishana, mwezi kwa mwezi, si kumtupia mtu bure. Mkuu wa idara naye yumo, la sivyo zamu itakufa mwezi wa pili.

Mtego wake unajulikana: mtu anaandika muhtasari ovyo makusudi ili asipewe tena. Kanuni moja inatosha: muhtasari usiokidhi kiolezo (maamuzi, mhusika, tarehe) unarudishwa na mwandishi anabaki zamu mwezi unaofuata.

Kulea wapya kusiwekwe kwenye zamu hiyo. Hiyo ni kazi halisi, ipewe nafasi yake kwenye fomu ya tathmini. Na kwenye jedwali hilohilo ongezeni ukurasa wa kazi za upande mwingine: nani alipewa mradi mkubwa, nani alikwenda kwa mteja, nani aliwasilisha kwa bodi. Tofauti ya vyeo huanzia hapo, miaka miwili kabla fomu ya kupandishwa haijajazwa.

---

Kisu_Kikali

Kuhusu "upendeleo wa upande wa pili": waonyesheni fomu. Hakuna mstari unaotaja jinsia. Vigezo vya mapema, swali moja kwa wote, zoezi lisilo na jina, vyote vinamlinda pia mwanamume, na Australia ni ushahidi kwamba si kila mara mizani hulalia upande mmoja. Kinachoondolewa ni uhuru wa kubadilisha kigezo katikati ya safari.

Ila jihadharini na jibu la "sisi hapa tunaangalia uwezo tu". Emilio Castilla na Stephen Benard (2010) waliwapa watu jukumu la kugawa bonasi. Walioambiwa kwamba taasisi inathamini uwezo ndio waliompa mwanamume zaidi ya mwanamke mwenye utendaji sawa. Ukishajiona mwadilifu, unalegeza macho.

---

Mwanahisabati

Swali la 3, na hapa ndipo watu huharibu kazi nzuri kwa hesabu mbaya.

Tengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila nafasi iliyotangazwa, na safu hizi kwa wanawake na wanaume: walioomba, walioitwa, waliofika hatua ya mwisho, waliopewa nafasi. Mfano wa kufikirika: wameomba wanaume 60 na wanawake 40, wameitwa 12, kati yao wanaume 9 na wanawake 3. Kiwango cha wanaume ni asilimia 15, cha wanawake 7.5. Ni nusu. Miongozo ya ajira ya Marekani ya mwaka 1978 hutumia kipimo cha nne ya tano: kundi likiwa chini ya asilimia 80 ya kiwango cha kundi la juu, hapo patazamwe. Nusu iko chini mno.

Je, ni ushahidi? Bado. Kama ungechota watu 12 kwa kura kutoka wale 100, ungepata wanawake watatu au pungufu takriban mara moja kati ya tano. Ajira moja haithibitishi kitu, wala haisafishi mtu.

Sasa jumlisha. Kwa kila nafasi, zidisha idadi ya walioitwa kwa sehemu ya wanawake miongoni mwa walioomba. Hapo ni 12 × 0.40 = 4.8 waliotarajiwa, 3 waliopatikana. Andika tofauti: pungufu 1.8. Nafasi tano zenye sura hiyohiyo zinatoa 24 waliotarajiwa, 15 waliopatikana. Kwa bahati tupu, upungufu huo hutokea chini ya mara moja kati ya 100. Hapo una la kupeleka kwa uongozi.

Usijumlishe waombaji wa nafasi zote kwenye kapu moja halafu ukokotoe asilimia moja. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiyo mfano wa vitabuni: mwaka 1973 kwa jumla walikubaliwa asilimia 44 ya wanaume na asilimia 35 ya wanawake, lakini idara kwa idara pengo hilo halikuwepo kwa sehemu kubwa. Wanawake walikuwa wameomba zaidi idara ngumu kuingia. Njia ya kutafuta tarajio kwa kila nafasi inaukwepa mtego huo.

Kwa mishahara, linganisha ndani ya daraja moja na miaka ya kazi inayokaribiana, kwa mshahara wa katikati (wa mtu anayekaa katikati mkiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu) na si wastani, maana bosi mmoja anauvuta wastani wa kundi zima. Aliyefanya nusu ya muda, mgeuze kuwa muda kamili kwanza. Kundi lenye watu chini ya watano usilitoe kwenye ripoti ya wazi, kila mtu atajua mshahara ni wa nani.

Miezi mitatu haitoshi kuona tofauti kwenye ajira za watu 150. Pima utaratibu badala yake: ni fomu ngapi zilisainiwa kabla ya maombi kufunguliwa, ni alama ngapi zina maelezo, ni tathmini ngapi hazina neno la tabia. Hizo zinabadilika ndani ya wiki.

---

Mizani

Nyongeza mbili. Uchambuzi uliotoka Harvard Business Review mwaka 2016 ulionyesha kwamba mwanamke akiwa peke yake kati ya wanne wa hatua ya mwisho, nafasi yake ilikuwa karibu na sifuri. Wakiwa wawili, sura inabadilika. Haithibitishi kwamba idadi ndiyo chanzo, lakini hatua yake ni rahisi: orodha ikitoka na mmoja tu, mwenyekiti anaongeza wiki moja ya tangazo au anapitia upya maombi yaliyokosa kwa alama chache. Vigezo havishushwi.

Na mpeni mtu mmoja jina na wajibu. Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly (2006) walipitia sehemu za kazi 708. Palipokuwa na mtu au kamati inayowajibika kwa matokeo, hatua zilizaa matunda zaidi. Semina peke yake ilikuwa miongoni mwa dhaifu. Asiwe wewe. Awe mtu wa ngazi ya mkurugenzi, wewe uandae jedwali la robo mwaka na yeye aulizwe.

---

Afisa_Utumishi

Nimeelewa. Moja la mwisho: mwanajopo mwenye cheo anayejaza alama bila kuandika maelezo, eti "nimekaa kwenye usaili miaka 20", anafanywaje?

---

Kisu_Kikali

Iandikeni kwenye kanuni za jopo kabla hajapatikana wa kukasirika: alama isiyo na angalau sentensi moja ya alichosema mwombaji haiingii kwenye wastani. Karani anajumlisha zilizobaki na kuandika "alama 3 kati ya 4 zimehesabiwa". Usibishane naye chumbani. Fomu ya usaili unaofuata ataijaza.